Kazi imekwisha, mteja halipi: Fundi wa kujitegemea afanye nini?

MKULIMA wa chai wilayani Rungwe anapofikisha majani mabichi kwenye kituo cha kupimia, haondoki mpaka kilo zake zimeandikwa. Fedha anaweza kuzisubiri, lakini uzito umekwisha kuwekwa kwenye kumbukumbu.

Fundi uashi anayejenga nyumba mjini Tukuyu kwa muda wa wiki 3 mara nyingi hana kinga hiyo. Bei walipatana na mteja kwa mdomo, msingi ukachimbwa, kuta zikapanda. Siku ya kumaliza kazi, mteja anaanza kuhesabu ahadi: atalipa mwisho wa mwezi, atalipa ndizi zikiuzwa, atalipa maparachichi yakivunwa.

Hali hiyo humpata pia seremala, fundi cherehani, mpiga picha za harusi na mtengenezaji wa kompyuta. Hawa wote hawana mwajiri wala mshahara. Kila kazi ni mkataba mpya na mtu mpya.

Katika mji mdogo kama Tukuyu, kudai kuna ugumu wake. Mdaiwa huenda ni shemeji, jirani au muumini wa kanisa moja na fundi, na kumdai mbele za watu huonekana kukosa adabu. Wakati huo huo, fundi naye anadaiwa: saidia fundi anataka ujira wake wa siku, na mwenye duka la vifaa anataka fedha za saruji iliyochukuliwa kwa mkopo. Deni moja lisilolipwa huzaa madeni mengine mawili.

Ahadi ya mdomo ni mkataba

Wengi huamini kwamba bila karatasi hakuna haki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Makubaliano ya watu wenye uwezo wa kisheria, waliokubaliana kwa hiari juu ya jambo halali na malipo halali, ni mkataba hata kama yalifanyika kwa maneno matupu, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi.

Kifungu cha 70 cha sheria hiyo kinakwenda mbali zaidi. Mtu akimfanyia mwenzake kazi kihalali bila kukusudia kuitoa bure, na mwenzake akanufaika nayo, aliyenufaika anawajibika kumlipa fidia. Kwa hiyo mteja hawezi kuhamia kwenye nyumba kisha akajitetea kwamba bei haikutajwa.

Tatizo la fundi, basi, si kukosa haki bali kukosa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari, simu na malipo ya awali

Ushahidi hauhitaji kuwa waraka wa wakili. Ukurasa mmoja wa daftari wenye majina, aina ya kazi, bei, tarehe za malipo na sahihi za pande zote mbili unatosha kuanzia. Shahidi mmoja huongeza nguvu.

Pale ambapo mteja anaona karatasi ni dalili ya kutoaminiwa, simu inaweza kusaidia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Fundi anaweza kumwandikia mteja bei waliyopatana na kumwomba athibitishe. Jibu fupi kwamba amekubali lina uzito mahakamani, mradi ujumbe wenyewe haukufutwa. Malipo kwa njia ya simu nayo huacha kumbukumbu.

Kinga kubwa zaidi ni kugawa malipo kwa hatua: kabla ya kuanza, msingi ukikamilika, kuta zikifika juu na baada ya kupaua. Mteja akikwama njiani, fundi anasimamisha kazi akiwa amepoteza hatua moja tu.

Fundi aliyepokea mali ya mteja, kama nguo, redio au pikipiki, ana kinga nyingine. Sheria ya Mikataba inamruhusu kuishikilia mali hiyo mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya juu yake, kama hawakukubaliana vinginevyo. Haimpi ruhusa ya kuiuza kienyeji.

Njia ya mahakama

Deni la mkataba ni shauri la madai, si la jinai. Polisi si wakusanyaji wa madeni, na kumtishia mdaiwa kwa mahabusu kunaweza kumgeuza mdai kuwa mtuhumiwa.

Hatua ya kwanza ni barua ya madai yenye kiasi, kazi iliyofanyika na siku ya mwisho ya kulipa. Wazee wa ukoo au viongozi wa mtaa wanaweza kusuluhisha, lakini makubaliano yaandikwe na mdaiwa atie sahihi. Maandishi hayo ya kukiri deni pia huanzisha upya hesabu ya muda wa kushitaki, ambao kwa madai ya mkataba ni miaka 6.

Usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi Sh milioni 30. Mashauri huendeshwa kwa Kiswahili na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Yapo mambo mawili ya kuangalia kabla. Kwanza, anayeitwa kibarua wa kujitegemea huenda kisheria ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kwa mfano saa zake hupangwa na anayempa kazi au humtegemea huyo kwa kipato. Madai ya mwajiriwa huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya malipo yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 60. Anayesubiri akidhani ana miaka 6 anaweza kujikuta amechelewa.

Pili, kama mteja ni halmashauri au taasisi ya Serikali, sheria inataka notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo si mahali pake.

Hata hukumu yenyewe si fedha mkononi. Mdaiwa akikaidi, mdai huomba kukaza hukumu ili mali ikamatwe. Mdaiwa asiye na mali hulipa kidogo kidogo, na kwa deni dogo makubaliano ya awamu yaliyoandikwa huweza kuwa na faida kuliko safari za mahakamani.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa kuwa mteja hufurahi zaidi siku ya kupatana kuliko siku ya kulipa, wakati wa fundi kutoa daftari ni siku ile ya furaha, kabla jembe la kwanza halijagusa msingi.