Kwa Nini Barabara ya Vumbi Huota Makunyanzi

Swali limetoka Juba. Msomaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka anayeishi Jebel, chini ya ule mlima wa mawe ulio magharibi mwa jiji, ametuletea barua ndefu ya kero. Anaanza na upepo wa kiangazi, anapita kwenye vumbi linaloingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha anafikia kinachomuuma hasa: kila asubuhi gari analopanda kwenda sokoni hugeuka bunge. Njia za ndani zisizo na lami zimejaa vijituta vidogo vilivyolala kukingama barabara, kimoja baada ya kingine, na gari likipita juu yake hutetemeka hadi meno yakagongana. Abiria wa nyuma wanapiga kelele, "Shweya shweya!", yaani pole pole. Dereva anawajibu kwamba ukienda pole pole ndipo unapoumia zaidi, na anakanyaga mafuta. Msomaji anauliza: nani ana haki?

Upepo nitaupita haraka. Kiangazi cha Juba, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huja na hewa kavu kutoka kaskazini, na hewa kavu haina adabu. Aliyesoma jiografia ya shule ya msingi anayajua hayo. Kilichonifanya niiweke barua hii juu ya meza badala ya kuitia kwenye faili ni kwamba upepo, vumbi na ugomvi wa ndani ya gari ni sehemu tatu za mtambo mmoja. Yule dereva na abiria wake wanagombana ndani ya mtambo huo huku wakiuendesha.

Tuanze na vumbi, kwa kuwa ndilo linaloandaa jukwaa. Barabara ya changarawe, au murram kama wasemavyo wengi huko, ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Kokoto hubeba uzito. Mfinyanzi ndio gundi. Magurudumu, hasa ya yale malori ya maji yanayozunguka mitaa ya Juba kutwa nzima, husaga tabaka la juu na kuitoa ile gundi kama unga. Hapo ndipo upepo unapopata kazi. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita huanguka kwa kasi isiyofika sentimita moja kwa sekunde. Lori likiirusha hadi usawa wa dirisha, mita 2 tuseme, itachukua dakika kama nne kutua hata hewa ikiwa imetulia kabisa, na kiangazini hewa haitulii. Punje ya mchanga yenye upana wa nusu milimita huanguka mita 3 au zaidi katika sekunde moja, kwa hiyo inarudi pale pale ilipotoka. Mwisho wa mchujo huo, gundi imehamia juu ya kabati la mama wa nyumba, na barabarani zimebaki punje kavu zisizoshikamana. Muuza duka anayemwaga maji machafu mbele ya kibanda chake asubuhi anajua anachofanya: utando mwembamba wa maji kati ya punje huzivuta zikashikana, hadi jua lifike.

Sasa punje zimelegea. Yanayofuata ndiyo niliyotaka kuandika tangu mwanzo.

Kwanza tuyape jina. Matuta hayafai, maana tuta hupigwa kwa makusudi: tuta la viazi, tuta la kupunguza mwendo mbele ya shule. Rasta, zile za madereva wa Tanzania, nazo huwekwa na wahandisi wenye mshahara. Wasemao Kifaransa, kuanzia Dakar hadi Bukavu, huifananisha barabara ya namna hii na bati la mikunjo, na kwa macho wamepatia kabisa, ila bati hutoka kiwandani. Mimi nimechagua makunyanzi, kama ya usoni, kwa sababu hakuna aliyeyatengeneza na hakuna aliyeyaomba. Mhariri anapendelea viwimbi. Atasubiri.

Ukiwauliza watu makunyanzi yanatoka wapi, wengi watalaumu springi. Gari hudunda juu ya springi zake, husema, na kila linapotua linaichimba njia. Wengine hulaumu malori, au tairi zenye meno, au mkandarasi aliyekula saruji. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza katika jarida la Scientific American majaribio yake ya kuzungusha gurudumu juu ya njia ya duara yenye mchanga. Makunyanzi yaliota. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha katika jarida la Physical Review Letters jaribio ambalo napenda kulifikiria hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Walichukua meza ya duara inayozunguka, wakaitandazia mchanga, wakaweka juu yake gurudumu la mpira lililoshikwa na mkono wa chuma unaoruhusu kupanda na kushuka. Halikuwa na springi wala injini. Meza huzunguka, gurudumu hukaa mahali pake likijiviringisha, na mchanga hupita chini yake raundi baada ya raundi.

Meza ikizunguka taratibu, mchanga hubaki sawa, na hata ukiuvuruga kwa kidole gurudumu litausawazisha. Ongeza kasi kidogo kidogo na hakuna jipya. Kisha unafika mahali fulani, na kundi dogo la makunyanzi hujitokeza upande mmoja wa meza, hutambaa, hujieneza, hadi duara zima limejaa. Hawakubadili mchanga wala gurudumu. Ni kasi tu iliyovuka mpaka. Wakaiga jambo hilo hilo kwenye kompyuta, wakagundua kwamba hata mchanga usiposhindiliwa, hata punje kubwa na ndogo zisipojitenga, makunyanzi yanatokea vile vile. Baadaye wakaondoa gurudumu lenyewe, wakaweka kibao kilichoinama kinachokokotwa juu ya mchanga. Yakaota. Springi imeachiliwa huru, na tairi pia.

Ni nini kimebaki, basi? Shuka ukingoni mwa Bahr el Jebel, ndiyo Nile Nyeupe inavyoitwa ikipita Juba, utafute mahali maji yametulia, na uokote jiwe bapa. Ukilirusha kwa kulilaza, hupiga maji, hunyanyuka, hupiga tena, likaenda likidunda. Ukilidondosha tu, linazama. Jiwe ni lile lile na uzito ni ule ule. Kinachotofautiana ni kwamba jiwe linalokwenda kwa kasi hulazimika kuyasukuma maji mbele na chini, na maji nayo hulisukuma juu. Msukumo huo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ukiuzidi uzito wa jiwe, jiwe linaruka. Ukiwa pungufu, linazama. Kundi la wanafizikia wa Ufaransa, Christophe Clanet, Fabien Hersen na Lydéric Bocquet, waliandika mwaka 2004 katika jarida la Nature kwamba jiwe likiinama nyuzi 20 hivi kutoka uso wa maji ndipo linapodunda vizuri kuliko yote, na mwaka 2013 Mmarekani Kurt Steiner alirusha jiwe lililodunda mara 88, jambo ambalo halihusiani na makala hii lakini siwezi kuliacha.

Gurudumu la gari la abiria kule Jebel ni jiwe hilo. Mchanga mkavu, ukisukumwa kwa haraka, hujibu karibu kama maji yanavyojibu. Gari likienda mwendo wa miguu, gurudumu hukata na kusawazisha kila kitu mbele yake, kwa sababu uzito wake unaushinda msukumo wa mchanga. Likivuka kasi ya mpaka, kila kijiwe na kila kichuguu kidogo kinakuwa ngazi: gurudumu hupanda, huachana na njia kwa unywele mmoja, hushuka upande wa pili kwa nguvu, huchimba kishimo na kulundika mchanga mbele ya kishimo hicho. Lundo hilo ndilo ngazi inayofuata. Hapa mchanga unaachana na mto. Maji ya Bahr el Jebel hujifuta kabla jiwe halijadunda tena, lakini barabara huweka kila alama. Gari la pili linakuta ngazi imeshajengwa, linaruka pale pale, linachimba zaidi. La mia halina hiari tena.

Katika ile meza, makunyanzi hayakutulia mahali pamoja. Yalikuwa yakisogea pole pole kuelekea uendako mwendo wa gurudumu, kwa sababu kila mruko huchukua mchanga kidogo nyuma na kuuweka mbele. Yanatembea. Hapa mhariri na viwimbi vyake ana hoja.

Kasi yenyewe ya mpaka hutegemea uzito na upana wa gurudumu na aina ya punje, lakini kwa gari la kawaida ni kama kilomita 7 au 8 kwa saa. Mtu mwenye haraka huikaribia kwa miguu. Kwa hiyo ukitaka barabara ya vumbi isiyo na makunyanzi bila kuiwekea lami, waambie madereva wote wa Juba waende sambamba na mbuzi. (Meza ile ilikuwa na mchanga mkavu, na udongo wa murram una tabia zake, lakini umbo ni lile lile.)

Turudi kwenye ugomvi. Chukulia makunyanzi ya Jebel yameachana sentimita 70, kipimo cha kawaida kabisa kwa barabara za namna hii. Kwa kilomita 20 kwa saa, gurudumu linapigwa mara 8 kila sekunde. Kwa 40, karibu mara 16. Kwa 60, mara 24. Gurudumu la gari, likiwa katikati ya mpira wa tairi na springi, lina mdundo wake wa asili, na kwa magari mengi mdundo huo uko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ukilipiga kwa mdundo linaoupenda, linacheza kwa nguvu zake zote na kuwatikisa waliomo ndani. Ukilipiga haraka zaidi ya hapo, halipati nafasi ya kushuka hadi chini ya kila kishimo. Linagusa vichwa vya makunyanzi tu na kupita juu juu, na ndani ya gari pakatulia ghafla kama redio iliyozimwa.

Dereva, basi, anasema kweli: kati ya kilomita 25 na 45 ndiko kuzimu, na ukipita hapo kuna raha. Lakini tairi linalogusa vichwa tu liko hewani sehemu kubwa ya safari, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Mtoto akichomoza kati ya vibanda, usukani ni pambo tu. Abiria naye anasema kweli. Ni vile kila mmoja ameshika nusu ya fizikia. Na kwa vile wote wawili wanatembea juu ya kilomita 8 kwa saa, wote wawili wanaendelea kuyachonga.

Mbona basi dereva hateseki kama abiria wake? Kwa sehemu ni kiti: ekseli ya nyuma iko chini ya matako ya abiria wa mwisho. Kwa sehemu ni kichwa. Mwaka 1991 Arnold Rolnick na R. E. Lubow waliweka watu wawili wawili kwenye chombo kimoja kinachozungushwa, mmoja akiwa na usukani na mwenzake hana. Walitikiswa sawasawa, lakini asiye na usukani ndiye aliyechafukwa zaidi na tumbo. Mwenye usukani anajua kinachokuja kabla hakijaja, mwili wake umejikaza tayari. Abiria anapokanyaga breki isiyokuwapo chini ya mguu wake, au anapomwelekeza dereva kila shimo, anautafuta usukani aliokosa. Msomaji wetu asiwachukie. Akae kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, aangalie mbali nje, na aache simu mfukoni.

Kuhusu barabara yenyewe, greda likipita na kukwangua vichwa tu ili mchanga uangukie vishimoni, chini hubaki sakafu ngumu yenye umbo lile lile la zamani, na magari yatalifukua kabla mwezi haujaisha. Kazi iliyofanywa vizuri hukata hadi chini ya kishimo kirefu kuliko vyote, huchanganya mfinyanzi upya, humwagia maji, kisha hushindilia. Kwa hiyo wakati wa kuifanya ni mwanzo au mwisho wa mvua, Aprili au Oktoba, udongo ukiwa na unyevu wake. Greda linaloletwa Januari, kwenye upepo ule ule msomaji anaoulalamikia, linasaidia kuirusha gundi iliyobaki hadi kwenye sufuria yake.