Mashindano ya Ndege Ndogo: Je, Gusii Tuko Tayari Kuyakaribisha?

Mwezi uliopita vijana watatu walifika mezani pangu ofisini wakiwa na barua iliyopigwa chapa vizuri sana. Waliomba msaada wa kupata uwanja ili wafanye mashindano ya ndege ndogo, yaani zile ndege za mfano ambazo mrushaji husimama chini na kuziongoza kwa redio. Wala hawakutaka zipite tu hewani watu wapige makofi. Walitaka zipinduke, zibiringike, zipae wima na kurudi chini kama mwewe aliyeona kifaranga. Barua ilieleza mengi juu ya ndege, wageni watakaoalikwa, na hata kikombe cha mshindi. Niliisoma mara mbili, kisha nikawauliza maswali matatu: Watazamaji watasimama wapi? Nani atakayeamua aliyeshinda? Na mvua ikija, mtafanyaje? Wakatazamana.

Wasomaji wasidhani kwamba niliwauliza hayo ili niwavunje moyo. Ndege si jambo geni katika pembe hii ya nchi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipoanza safari ya barua kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, na ndege zilizotua juu ya maji ya ziwa zilikuwa ajabu kubwa kwa waliozishuhudia. Kule Nairobi, Klabu ya Ndege ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927. Na mchezo huu wa ndege ndogo, ingawa wengi huudhania kuwa wa watoto, una shirikisho lake la dunia, FAI, lililoundwa mwaka 1905. Ubingwa wa dunia wa michezo ya angani kwa ndege za redio ulishindaniwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Dübendorf, Uswisi, akashinda Mmarekani aitwaye Ed Kazmirski. Mwaka 2013 mashindano hayo yalifika bara letu, yakafanyika Afrika Kusini. Basi vijana hawa hawakuota ndoto ya wazimu. Kilichopungua katika barua yao ni ardhi, saa, na watu.

Yafaa kwanza ieleweke namna mashindano yanavyoendeshwa. Katika daraja la juu, ndege haina ruhusa ya kuzidi kilo 5 kwa uzito, wala mita 2 kwa urefu, wala mita 2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Mrushaji hufanya michezo iliyopangwa tangu mapema, mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, naye amepewa dakika 8 tu. Kando yake husimama msaidizi anayemtajia mchezo unaofuata. Waamuzi hukaa nyuma yao na kutoa alama tangu 0 hadi 10 kwa kila mchezo. Kisha alama hizo huzidishwa kwa namba ya ugumu wake, ili aliyejaribu gumu asilingane na aliyechagua jepesi. Mwamuzi hatazami kelele wala mwendo wa kasi. Hutazama kama duara ni duara kweli au ni yai, kama mstari wa kupanda ni wima au umeinama kwa upepo, na kama ndege imetoka katika mchezo kwa kimo kile kile ilichoingilia. Kwa maoni yangu, walimu wetu wa hesabu, ambao kila siku husahihisha maduara ya wanafunzi, wangeweza kufundishwa kazi hii upesi kuliko watu wengi. Lakini lazima wafundishwe, na tena wafanye mazoezi pamoja kabla ya siku yenyewe. Mashindano ambayo waamuzi wake wanabahatisha huishia kwa ugomvi, na sote tumeona jambo hilo katika kandanda.

Sasa tuje kwenye uwanja. Ndege hizi hurushwa kama mita 150 mbele ya mrushaji, na nafasi ya mchezo hupimwa kwa pembe ya digrii 60 kushoto kwake, digrii 60 kulia, na digrii 60 juu. Mwenye kukumbuka hesabu za shule na akokotoe: upana hufika zaidi ya mita 500, na kimo hufika karibu mita 260, ambazo ni zaidi ya futi 800. Katika Gusii, ambako mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata mengine yamekuwa kama vitambaa, na ambako kila kilima kina nyumba, nafasi kama hiyo bila watu chini yake si rahisi kuipata. Mahali panapokuja akilini kwanza ni kiwanja cha ndege cha Suneka, kando ya barabara iendayo Rongo na Migori. Lakini kiwanja cha ndege ni cha ndege za watu kwanza, na hapana budi wenye mamlaka juu yake waridhie. Kadhalika Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ina kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo visivyo na rubani, nazo humwekea mrushaji wa kawaida mpaka wa futi 400. Mimi karani siwezi kumwambia mtu kwamba futi 800 ni sawa. Barua iende kwao, ieleze kimo na mahali waziwazi, nao waamue.

Jumamosi moja nilifuatana na vijana hao hadi uwanja wa mpira mmoja upande wa Nyamira, ili nione kwa macho. Ndege yao ilikuwa ndogo, ya sponji ngumu, haikufika hata kilo moja. Ilipopaa, watoto walitoka kila upande, na watu wazima nyuma yao, mpaka mstari wa uwanja haukuonekana tena. Mrushaji alibanwa pande zote. Akaigeuza ndege mara mbili vizuri sana, tukashangilia. Mara ya tatu upepo ukaichukua, akaipoteza nyuma ya vichwa vya watu, nayo ikaanguka katika majani ya chai, hatua kama kumi tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akichuma. Hakuumia. Aliiokota kwa bawa, akaileta polepole hadi nilipo, labda kwa sababu mimi pekee nilivaa koti, akaniuliza: “Mwanangu, kitu hiki kingempata mtoto, nani angelipa?” Sikuwa na jibu. Tena hiyo ilikuwa ndege nyepesi. Ile ya kilo 5, ikija kwa mwendo wa maili 60 kwa saa na pangaboi lake likizunguka, si kitu cha kuokotwa kwa bawa.

Kwa hiyo kamba ya kuzuia watazamaji, nyuma kabisa ya warushaji na waamuzi, pamoja na watu wa kuilinda, vije kabla ya kikombe. Bima nayo itafutwe. Iwepo ndoo ya mchanga karibu na meza ya betri, kwa maana betri za lithiamu zikipondwa au zikijazwa umeme vibaya huweza kuwaka moto mkali. Na kama kuna mtu atakayeleta redio ya zamani, mitambo yote ya namna hiyo iwekwe mezani chini ya mtunzaji mmoja. Redio hizo mbili zikiwashwa pamoja kwenye mkondo mmoja, mrushaji hupoteza ndege yake bila kosa lake. Redio za siku hizi zimeepuka taabu hiyo kwa sehemu kubwa.

Juu ya hewa, wakulima wanajua kuliko mimi. Asubuhi zetu huwa tulivu; baada ya adhuhuri upepo wa ziwa hupanda milimani, mawingu hujikusanya, na ngurumo huanza. Mvua ya mawe inayorarua majani ya chai haitauhurumia ubawa wa sponji, na mtu aliyesimama peke yake katika uwanja mtupu ameshika mtambo wenye waya wa chuma uliochomoza juu hapaswi kungoja radi. Mashindano yaanze saa moja asubuhi na yakome kabla ya saa sita. Ningependa hata mkulima mzee mmoja apewe kiti karibu na waamuzi, naye akisema “Basi,” ndege zote zishuke. Tena wageni watakaotoka pwani waarifiwe kwamba mji wa Kisii uko kwenye kimo cha karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu 15 katika 100 kuliko ya baharini. Pangaboi hushika hewa kidogo, na ndege hutaka mwendo zaidi ili isianguke inapotua. Wawahi siku moja wajaribu.

Kuna njia nyingine niliyowashauri vijana waanze nayo, nayo ni ndege za kuongozwa kwa nyuzi. Mrushaji husimama katikati ameshika mpini wenye nyuzi mbili za chuma zisizozidi mita 21 na nusu, na ndege humzunguka ikipanda, ikipinduka na kuandika namba nane hewani. Duara lote ni upana wa kama mita 43, hata uwanja wa mpira wa kawaida unalitosha, na ndege haiwezi kwenda mahali pengine mradi nyuzi ni nzima na zimejaribiwa kwa kuvutwa kabla ya kila safari. Hatari yake kubwa ni nyaya za umeme. Uzi wa chuma ukigusa waya wa stima, au hata ukikaribia ule wenye nguvu nyingi, mrushaji aweza kufa pale pale. Uwanja wowote wenye nguzo za stima karibu na duara ukataliwe, hata kama mwenye uwanja ni rafiki.

Mmoja wao alinuna kidogo, akasema, “Bwana Karani, hiyo ya nyuzi ni ya zamani.” Nikamjibu kwamba hata baiskeli ni ya zamani, na ndiyo iliyomleta ofisini.

Juzi wamerudi na barua ya pili. Ina kurasa nne badala ya moja. Ndani yake mna mchoro wa duara, kamba ya watazamaji na nguzo za stima, ambazo wamezipima wenyewe kwa hatua na kukuta ziko zaidi ya yadi 150. Mna majina ya walimu wawili waliokubali kujifunza uamuzi, na nakala ya ombi lililopelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Yule mama wa majani ya chai ameombwa awe mgeni wa kwanza kuketi. Mahali pa tarehe wamepaacha wazi mpaka jibu lije. Nimeigonga mhuri wa kupokelewa na kuiweka katika faili.