Kwa nini miti inamshangilia hakimu

Buluk, mjini Juba, ndipo yalipo makao makuu ya polisi wa Sudani Kusini, na jina hilo ni neno la kijeshi: Waturuki waliita kikosi cha askari bölük, nalo likaingia katika Kiarabu cha jeshi la Sudani. Serikali nayo ina jina la Kiarabu: mtu wa Juba akiitaja kwa Kiarabu cha mjini husema hukuma. Mswahili aliyefika huko kuuza unga au kuendesha bodaboda, akilisikia neno hilo, hukumbuka mahakama, maana kwetu hukumu ni uamuzi wa hakimu. Mzizi ni mmoja. Juba umeangukia kwenye kiti cha mtawala, Uswahilini ukaangukia kwenye kiti cha hakimu.

Watunzi wa Zaburi wasingetenganisha viti hivyo viwili. Kitenzi chao cha Kiebrania, shafat, hubeba kutawala na kuamua kesi kwa pamoja. Ndiyo maana katika kitabu cha Waamuzi, Debora ni mwamuzi anapoketi chini ya mtende wake kusikiliza mashauri, na Samsoni naye ni mwamuzi ingawa hatumwoni akisikiliza shauri hata moja. Kitenzi cha pili ni malakh, kushika ufalme. Zaburi ya 93, ya 97 na ya 99 zinafunguliwa na tangazo lilelile, kwamba Mungu ameushika ufalme, na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili waliliwekea neno kutamalaki. Walichagua vyema. Ndani ya tamalaki, kama ndani ya milki na malkia, mna herufi tatu zilezile za Kiebrania: m, l, k.

Kinachonigusa zaidi ni Zaburi ya 96. Mfalme ametangazwa, naye yuko njiani kuja kuihukumu dunia. Tungetazamia watu wajifiche. Badala yake bahari inavuma kwa furaha, mashamba yanachangamka, miti ya msituni inaimba. Sisi neno hukumu limetuzoesha kuwaza kifungo na moto, kwa hiyo shangwe hiyo hutupita. Lakini jiulize ni nani anayefurahi akiambiwa hakimu amefika. Ni yule ambaye faili lake limelala kabatini. Ni mjane aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Kakuma akakuta kiwanja chake kimejengwa na mwenye bunduki. Kwake, siku ya hukumu ni siku ya kusikilizwa.

Wimbo huohuo unasema dunia imethibitika, haitatikisika. Kitenzi kilichotumika ni mot, kuyumba. Sasa itazame Zaburi ya 82. Humo Mungu amesimama katika baraza la miungu akiwashtaki kwa kuwapendelea waovu na kumwacha yatima bila mtetezi, na hapo ndipo misingi yote ya nchi inapoyumba, kwa kitenzi hichohicho. Mshairi haoni kwamba maskini kunyimwa haki ni jambo dogo la mahakama ya mtaa. Anaona nguzo ya ulimwengu imelegea. Miungu hao wanaambiwa watakufa kama wanadamu, kwa sababu wameshindwa kazi iliyowapa uungu. Sijui shairi jingine la kale linalothubutu kumpima hata mungu kwa kesi ya yatima.

Kuhusu wafalme wa kibinadamu, wazo la kumpima mtawala kwa haki ya mnyonge halikuanzia Israeli. Hammurabi wa Babeli, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Yerusalemu kuanguka, alijisifu kwenye jiwe la sheria zake kwamba alizuia mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Zaburi ya 72, iliyo na jina la Sulemani, inafuata desturi hiyo, ila kuna kineno kimoja cha kuangalia kwa karibu. Wafalme wa mbali, wa Sheba na Seba, wanaleta vipawa na kusujudu. Kisha, mwanzoni mwa mstari wa 12, linakuja neno ki: kwa sababu. Kwa sababu huyu mfalme humwokoa mhitaji anayelia. Heshima yake ina sharti, na damu ya maskini ina thamani machoni pake. Liondoe neno hilo la herufi mbili, ubaki na wimbo wa kawaida wa kumsifu mkubwa.

Mwaka 1985 Gerald Wilson, mtaalamu wa Marekani, alionyesha jambo kuhusu mpangilio wa kitabu kizima cha Zaburi. Zaburi ya 89 inafunga sehemu ya tatu kwa kilio: taji la Daudi limetupwa mavumbini. Nyimbo za Mungu mfalme zinakuja muda mfupi baadaye, kama jibu. Waliozipanga hivyo walikuwa watu wasio na mfalme wala jeshi, ambao mji wao, Yerusalemu, uliteketezwa na Wababeli mnamo 587 kabla ya Kristo.

Wasudani Kusini hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Wadinka wa Bor walitunga nyimbo nyingi za kanisa wakiwa vitani na ukimbizini, na Marc Nikkel, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2000, alizifanyia utafiti mrefu. Na mkataba wa amani wa Agosti 2015, uliohuishwa Septemba 2018, uliahidi mahakama maalumu ya kuwasikiliza waliotendewa ukatili tangu vita vilipozuka Desemba 2013. Miaka kumi baada ya ahadi, haijasikiliza shauri hata moja.

Zaburi ya 146, baada ya sifa za mwanzo, inaonya watu wasiwategemee wakuu, ambao pumzi ikiwatoka mipango yao hufa siku hiyohiyo, na inamalizika kwa Mungu kutawala milele. Katikati kuna orodha ya kazi: anawapatia walioonewa haki, anawalisha wenye njaa. Kisha jina la Mungu linarudi mara tano mfululizo, kila mara na kazi yake: wafungwa, vipofu, walioinama, wenye haki, wageni. Ya kwanza kati ya hizo tano ni wafungwa, na kitenzi chake, hittir, ni cha mtu anayefungua fundo. Mfikirie mama anayeuimba wimbo huo Jumapili jijini Juba, na Jumatatu asubuhi anabeba sufuria ya chakula kwenda Buluk kumuulizia mwanawe. Mshairi hakueleza mfungwa alifungwa kwa kosa gani. Alitaja fundo tu, na mkono unaolifungua.