ulimit si dawa ya safu

Swali ni lile lile: programu ya Fortran inakwenda vizuri n ikiwa 1000, ikiwekwa 1100 inakufa na "segmentation fault", je, amri ya kuondoa kikomo cha steki, ulimit -s unlimited, iandikwe wapi? Isiandikwe popote kabla ya kupiga hesabu. Tamko double precision :: a(n,n) ndani ya subrutini kwa kawaida huipa kila chembe baiti 8. Kwa n ya 1000 safu inakula baiti 8,000,000. Kwa 1100 inakula 9,680,000. Linux nyingi huipa steki megabaiti 8, yaani baiti 8,388,608. Hakuna muujiza hapo. Kompaila ya Intel, isipoelekezwa vingine, huweka safu za namna hii kwenye steki. gfortran huzipeleka kwenye hipu, ndiyo maana jirani anaapa kwamba kwake inakwenda. Aongeze -Ofast, inayozirudisha kwenye steki, aone.

Watetezi wa ulimit husema: mbona ukiiandika, programu inapona? Inapona kwenye ganda lile la amri ulilolifungua, basi. Ukimpa mtu mwingine programu, dawa haiendi nayo. Kwenye Windows amri hiyo haipo, na steki huwa megabaiti 1 tu, hupangwa wakati wa kuunganisha programu. Ukitumia OpenMP, nyuzi zinazozaliwa zina steki zao, zinazopangwa kwa OMP_STACKSIZE. Baya zaidi, kosa lile lile hutokea pia pale msimbo unapoandika nje ya mipaka ya safu. Hapo kupanua steki kunaweza kunyamazisha kosa na kukuachia majibu ya uongo; heri programu ingekufa. Dawa yenyewe ni kuitenga safu kwa allocate, lakini wengine hudai kwamba allocate inachelewesha. Kutenga nafasi mara moja kwa safu ya chembe milioni ni gharama ndogo mno kando ya kuzikokotoa chembe hizo. Anayeiita ndani ya kitanzi kila mzunguko amejitakia, aitoe nje.

Basi tangaza double precision, allocatable :: a(:,:), kisha allocate(a(n,n), stat=kosa), na ukague kosa. Njia hii ipo tangu Fortran 90, na tangu Fortran 95 safu ya ndani hujiachia yenyewe subrutini inapomaliza. Msimbo si wako? Jaribu -heap-arrays kwa Intel, au -fno-stack-arrays kwa gfortran. Lakini kwanza kompaili mara moja kwa gfortran na -fcheck=bounds, kisha uiendeshe programu: ikitaja mstari ambao faharisi imevuka mpaka, steki haikuwa na hatia.