Ubani wa Ziwani

Afikapo mtu msibani hapa Mwanza, iwe ni Kirumba au Igoma, huulizwa kwa sauti ya chini kama amekwisha kutoa ubani, naye hutia mkono mfukoni akatoa noti. Na aghalabu haimpitikii kwamba alichotajiwa kwa asili si fedha, bali ni utomvu wa mti uliofukizwa nyumbani mwa maiti, hata jina la kifukizo likawa jina la mchango wenyewe.

Neno hilo ni la Kiarabu, nalo latokana na weupe mfano wa maziwa. Kwani katika majabali ya Dhufari kule Omani, na Somalia kadhalika, watu huukwangua mti gamba, wakauacha utoe machozi meupe, kisha wakarudi baada ya siku kadhaa kuyabandua yakiwa yamekauka.

Walakini sisi wa ziwani tunao mbani wetu. Upande wa Bukoba hata Uganda wasimama mti mrefu ajabu, hufika mita 40, shina limenyooka kama mlingoti, uitwao mpafu, na Waganda huuita muwafu. Nao ni wa ukoo mmoja na mbani wa Arabuni na mmanemane. Wataalamu waliupa jina la Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyesafiri katikati ya Afrika baina ya 1868 na 1871. Ukitiwa jeraha hutoa utomvu mzito wenye harufu kama ya tapentaini, ukakauka mabonge meupe ya kimanjano, na ukitiwa makaani hunukia nyumba nzima. Matunda yake ya zambarau hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, wala hayachemshwi, maana yakichemshwa huwa magumu. Na ladha yake ya mafuta haisahauliki.

Waganga huutumia utomvu huo kwa minyoo na ukurutu, nami siwabezi, kwa kuwa elimu yao ni ya vizazi. Lakini mtoto mwenye homa apelekwe hospitali upesi, wala asifungiwe chumbani na moshi, ambao hudhuru kifua.

Linalonihuzunisha ni shoka. Mpafu ukikatwa hutoa mbao mara moja tu, ilhali ukichanjwa kwa huruma hutoa ubani miaka na miaka. Basi wewe uliye nao shambani, tafadhali uache usimame, na mbegu zake uzipande.