Tusiyahukumu Macho kwa Kipimo Kimoja

Walimu wa sayansi huwafunza wanafunzi wao jambo moja tangu siku ya kwanza wanapoingia maabara: usiamini kipimo kimoja. Pima mara tatu, andika kila tokeo, kisha tafuta wastani. Ajabu ni kwamba mwalimu yuyo huyo, akipimwa presha ya macho mara moja tu katika duka la miwani mjini Thika au Ruiru, huichukua namba aliyopewa kana kwamba imetoka mahakama ya rufani. Akiambiwa 16, hurudi nyumbani akishangilia. Akiambiwa 25, hukosa usingizi.

Nia yangu katika makala haya ni kuwakumbusha walimu na wanafunzi kwamba namba hiyo ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja, hata awe mkweli namna gani, hatoshi kuamua kesi.

Glakoma ni maradhi yanayoharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Aina iliyoenea zaidi kwetu haiumi wala haiwashi. Huanza kwa kula pembezoni mwa upeo wa macho, taratibu, na kilichopotea hakirudi tena. Dawa za matone, mwale wa leza na upasuaji huokoa kilichobaki tu, navyo hufanya hivyo kwa kupunguza presha ndani ya jicho. Basi kipimo kikipotoka, uamuzi wa daktari nao huenda ukapotoka.

Presha hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Kifaa ambacho madaktari hukitegemea zaidi kilibuniwa katika miaka ya 1950 na Hans Goldmann, mtaalamu wa macho wa Uswisi. Hubonyeza konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, hadi sehemu yenye kipenyo cha milimita 3.06 iwe bapa. Nguvu iliyotumika ndiyo hugeuzwa kuwa namba. Hesabu yake ilikisia konea yenye unene wa takriban nusu milimita. Lakini konea za wanadamu hazilingani. Iliyo nyembamba hubonyea upesi, kifaa kikatoa namba ndogo kuliko presha halisi. Iliyo nene hukaidi, namba ikazidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wenye presha ya juu ya macho, wale wenye konea nyembamba walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma. Washiriki wenye asili ya Kiafrika walikuwa, kwa wastani, na konea nyembamba kuliko wenzao. Msomaji wa Thika hana budi kulitafakari hilo.

Isitoshe, presha hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Kwa watu wengi hufikia kilele usiku wakiwa wamelala, au alfajiri. Sasa mfikirie mgonjwa wa Ruiru aliyepanda matatu asubuhi, akakwama katika msongamano wa Thika Road, akapanga foleni na kupimwa adhuhuri. Huenda kilele kilikwisha kupita kitambo. Tai iliyobana shingo, kuzuia pumzi, kukaza kope au kunywa maji mengi kwa mkupuo huweza kuipandisha. Hata wapimaji wawili wenye ujuzi huweza kutofautiana kwa milimita mbili au tatu.

Katika uchunguzi wa mji wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, zaidi ya nusu ya macho yaliyokuwa na glakoma hayakuwa na presha ya juu yalipopimwa mara ya kwanza. Kama namba ingekuwa hakimu, wagonjwa hao wangerudishwa makwao.

Namfahamu mwalimu mstaafu wa Thika aliyekuwa akitumia matone kila jioni. Siku moja alipimwa katika kambi ya bure mjini Ruiru, akaambiwa 15. Alifurahi, akaamini amepona, na kwa kuwa dawa ilikuwa ikila pensheni yake, akaiacha. Namba ile ilikuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Yeye akaifanya kuwa sababu ya kuitupa. Aliporejea kwa daktari baada ya miezi mingi, upeo wake wa kuona ulikuwa umepungua. Leo hushikwa mkono akivuka barabara.

Je, tuvidharau vipimo? Hasha! Nasema tuvihoji. Kila mgonjwa na awe na daftari lenye tarehe, saa, namba ya kila jicho, aina ya kifaa na wakati alipotia dawa. Aulize kama unene wa konea yake umepimwa. Aombe mshipa wa fahamu utazamwe baada ya mboni kupanuliwa kwa dawa, na upeo wa kuona upimwe. Huduma za macho hazipo mbali: kuna Hospitali ya Thika Level 5, na katika kaunti yetu hii ya Kiambu kuna kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, kilichoanzishwa mwaka 1975.

Wanaoandaa kambi za bure nao wanastahili shukrani, ila wasiishie kwenye namba. Waandike saa ya kipimo, na wawaelekeze hospitalini wote waliovuka miaka 40 au wenye jamaa mwenye glakoma, hata kama presha yao inaonekana ya kawaida.

Nanyi wanafunzi, baba au mama akirudi nyumbani na kijikaratasi chenye namba, msimpongeze wala msimtie hofu. Mwulizeni swali la maabara: “Umepimwa mara ngapi?”