Ganzi ya Epidurali Wakati wa Uchungu: Hofu za Mama na Majibu Yake

Mjamzito anapotajiwa ganzi ya epidurali, aghalabu swali lake la kwanza halihusu maumivu ya uchungu bali mgongo wake: "Je, nitatembea tena?" Swali hilo ni halali, na mtoa huduma anayelijibu kwa kusema "usiogope" huwa hajalijibu.

Jibu linaanzia katika maumbile. Uti wa mgongo wa mtu mzima haufiki mwisho wa safu ya pingili. Huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano ya epidurali huchomwa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne, ambapo imebaki mishipa ya fahamu pekee, ikielea ndani ya majimaji. Tena sindano hiyo hailengi kufika hata kwenye majimaji hayo. Husimama nje ya utando unaoyazunguka, hupitishiwa mrija mwembamba na laini, kisha huondolewa. Kinachobaki mgongoni ni mrija wa kupitishia dawa, wala si chuma, kama wengi wanavyodhani.

Hapa pana mkanganyiko unaostahili kuondolewa mapema. Katika Afrika Mashariki, epidurali ya uchungu hupatikana katika hospitali chache, na "sindano ya mgongo" ambayo wanawake wengi wanaijua ni ile ya upasuaji wa kujifungua. Ile hupenya utando, hutolewa mara moja, na miguu hufa ganzi kabisa kwa saa kadhaa. Epidurali ya uchungu hutumia dozi hafifu ya bupivakeini, mara nyingi ikichanganywa na fentanili. Maumivu hupungua, lakini mama kwa kawaida huweza kusogeza miguu na kuhisi msukumo wa mtoto. Simulizi ya shoga ambaye hakuweza kuinua mguu jioni nzima yaweza kuwa ya kweli kabisa, ila ni ya sindano nyingine.

Hatari zipo, na zitajwe kwa hesabu. Wajawazito nchini Uingereza huelezwa kwamba madhara makubwa ya mishipa ya fahamu, kupooza kukiwamo, humpata takriban mtu 1 kati ya 250,000. Ganzi au udhaifu wa mguu unaodumu zaidi ya miezi 6 humpata 1 kati ya 13,000. Yaliyo ya kawaida zaidi ndiyo yasiyoulizwa: mama 1 kati ya 8 hapati nafuu ya kutosha, 1 kati ya 50 hushukwa sana na shinikizo la damu, na 1 kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa baada ya utando kutobolewa kwa bahati mbaya. Hesabu hizi ni za mahali penye mtaalamu wa ganzi na mkunga wa kupima shinikizo la damu mara kwa mara. Pasipo na watu hao, kuikosa epidurali ni salama kuliko kuipata.

Kuhusu mgongo unaouma miezi baadaye, tafiti zilizolinganisha waliopata epidurali na wasioipata hazikuona tofauti. Ujauzito wenyewe hulegeza kano za kiuno, na kuinama kunyonyesha humalizia kazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 nayo hayakuona epidurali ikiongeza upasuaji wa kujifungua wala kumdhuru mtoto anapozaliwa, ingawa muda wa kusukuma huweza kurefuka.

Iko hofu nyingine isiyosemwa mbele ya daktari: kuonekana si mwanamke kamili kwa kutoustahimili uchungu. Mkunga anayemkejeli mzazi leba huizidisha. Kuomba dawa ya maumivu hakupimi ujasiri wa mtu, na kuikataa ni haki vilevile. Mama asiyetaka sindano asaidiwe kwa kutembea, kukandwa kiuno na kuwa na msindikizaji anayemwamini.

Mazungumzo haya yafanyike kliniki, kabla ya uchungu. Mama aliye katikati ya mkazo wa tumbo hasikilizi takwimu. Hutia saini tu. Huko kliniki ndiko aeleze kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama damu yake hukawia kuganda, au kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Anayeogopa kutikisika sindano ikichomwa aelezwe kuwa mtaalamu husubiri mkazo upite, na kwamba anaweza kusema "subiri" wakati wowote.

Akisharudi nyumbani, arudi hospitali siku hiyohiyo akiona lolote kati ya haya: kichwa kinachouma zaidi akikaa na kutulia akilala, homa pamoja na maumivu ya mgongo, mguu unaozidi kuishiwa nguvu, au kushindwa kukojoa.